RELI YA ARUSHA NA UWANJA WA KIA: ABIRIA WAKE NI NANI?

Suala la kuunganisha jiji na uwanja wake wa ndege kwa reli huchukuliwa na watu wengi kuwa ni suala la wahandisi peke yao. Kazi, inasemekana, ni kupima ardhi, kuhesabu madaraja na kutafuta fedha. Mengine ni siasa, na siasa isubiri. Mtazamo huo si sahihi. Kabla mhandisi hajapigilia kigingi cha kwanza, mtu fulani amekwisha kuamua ni nani atakayepanda treni hiyo, atapandia wapi na atalipa nauli gani. Uamuzi huo ni wa kisiasa tangu mwanzo hadi mwisho, hata ukifichwa ndani ya majedwali ya kitaalamu. Makala hii inachambua jinsi uamuzi huo unavyofanywa, kwa kutumia mfano wa Arusha na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, yaani KIA.

Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mwezi Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mwaka 2024 ujenzi wa uwanja wa mpira wa watazamaji 30,000 ulianza huko Olmoti, Arusha, na swali la jinsi wageni watakavyotoka KIA hadi mjini likawa halikwepeki. Pili, reli mpya ya Tanga, Arusha hadi Musoma imo katika mipango ya taifa. Wakati mipango ingali kwenye karatasi ndio wakati wa kuikosoa. Ikisha kuwa zege na chuma, ukosoaji hugeuka kuwa manung'uniko.

HISTORIA INATUFUNDISHA NINI

Reli haikuja kaskazini kwa ajili ya wananchi. Wakoloni wa Kijerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, kwa jasho la watu ambao wengi wao hawakuulizwa kama wanapenda kazi hiyo. Shabaha yake ilikuwa kuteremsha mazao ya mashamba makubwa hadi bandarini. Waingereza nao waliiendeleza hadi Arusha mwaka 1929, kipande cha kilomita 86 hivi kutoka Moshi. Ni kweli kwamba treni hiyo iliwabeba wananchi pia, lakini iliwabeba kama abiria wa ziada. Hesabu ya faida ilianzia kwenye gunia la kahawa na robota la mkonge.

Baada ya Uhuru swali lilibadilika, na jibu likabadilika nalo. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kiliunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati, na kwa mara ya kwanza mtu wa Arusha aliweza kufika Dar es Salaam kwa treni. Kisha ikaja TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China baada ya wataalamu wa nchi za Magharibi kusema haina faida. Wataalamu hao walihesabu shehena tu, na hawakuhesabu ukombozi wa Zambia kutoka katika mikono ya makaburu na walowezi wa kusini. Hivyo nchi ilikwisha kujua zamani kwamba jedwali la faida hutegemea nani amelipanga na ameweka nini ndani yake.

KIA ulifunguliwa tarehe 2 Desemba 1971, katika nyanda zilizo kati ya Arusha na Moshi, kama kilomita 50 kutoka Arusha. Ulipewa njia ya kurukia ndege ya mita 3,600 ili ndege kubwa kutoka Ulaya zitue moja kwa moja kaskazini. Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kupita katika nyanda hizo kwa miaka 42. Hata hivyo hakuna tawi la reli lililoingizwa uwanjani. Mtalii alipokelewa kwa gari, na mfanyakazi wa uwanja akaachiwa atafute gari lake mwenyewe. Baadaye treni ya abiria yenyewe ilikufa. Ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, na wananchi waliojipanga kando ya njia kuilaki walionyesha wazi kwamba hawakuwa wameisahau.

KOSA LA KWANZA: ABIRIA WA KUFIKIRIKA

Kosa la kwanza la wapangaji wa reli za uwanja wa ndege ni kuanza na abiria wa ndege. Jina lenyewe la mradi huwasukuma huko: kwa kuwa ni reli ya uwanja wa ndege, basi abiria wake ni mtu mwenye tiketi ya ndege. Tuhesabu.

Ukarabati wa jengo la abiria la KIA uliokamilika mwishoni mwa miaka ya 2010 ulikusudia kuuwezesha uwanja kuhudumia abiria milioni 1.2 kwa mwaka. Tuseme uwanja umejaa kabisa, mwaka mzima. Hao ni kama abiria 3,300 kwa siku, wanaofika na wanaoondoka wakijumlishwa. Treni moja ya abiria 500 ingewamaliza wote kwa safari saba. Na kwa kweli isingewapata wote. Sehemu yao wanakwenda Moshi kupanda Mlima Kilimanjaro, wala hawaelekei Arusha. Sehemu nyingine wanalakiwa uwanjani na magari ya makampuni ya utalii, kwa kuwa wamekwisha kulipia safari yao yote huko kwao. Wengine hufika usiku wa manane. Kwa ajili ya hao wanaobaki hatuwezi kujenga reli, kuajiri madereva na mafundi, na kuitunza kwa miaka hamsini.

Sasa tugeuze hesabu. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya 600,000 katika Jiji la Arusha pekee, bila kutaja Tengeru, Usa River na Maji ya Chai zilizoko upande huo huo wa mashariki. Tuchukue kwa mfano tu kwamba mtu mmoja katika kila ishirini wa jiji hilo angetumia treni kwenda na kurudi. Hizo ni safari 60,000 kwa siku, karibu mara kumi na nane ya uwanja wa ndege uliojaa pomoni. Hao ndio abiria wa kweli wa njia hii: mama anayepeleka ndizi na mboga gulioni Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi, kibarua wa mashamba ya maua ya Usa River, mwanafunzi, fundi, mpishi wa hoteli, na mlinzi wa uwanja wenyewe.

Nchi zilizoanza na abiria wa kufikirika zimepata funzo. Mji wa Toronto, Kanada, ulifungua treni ya uwanja wa ndege Juni 2015 kwa nauli ya dola 27.50 za nchi hiyo. Mabehewa yalikwenda yakiwa karibu matupu. Machi 2016 nauli ilishushwa hadi dola 12, na abiria wakaongezeka upesi, wakiwamo wakazi wa mitaa iliyo njiani ambao shida yao ilikuwa kufika kazini. Nairobi ilitoa funzo hilo hilo kwa namna nyingine. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012 huku ikitajwa sana kwa ukaribu wake na uwanja wa Jomo Kenyatta. Reli haikufika mlangoni mwa uwanja, na msafiri wa ndege alibaki akihitaji gari. Lakini treni haikukosa watu, kwa sababu wafanyakazi wa mitaa ya kusini-mashariki waliipanda asubuhi kwenda mjini na jioni kurudi nyumbani.

KOSA LA PILI: KUPANGA KWA AJILI YA SHEREHE

Kosa la pili ni kuipanga reli kwa ajili ya tukio. Mashindano yana tarehe, na tarehe hiyo hugeuka kuwa bwana wa mradi. Mkandarasi anajua kwamba serikali haiwezi kuahirisha mechi, kwa hiyo anajua pia kwamba itakubali bei yake. Mikutano ya wananchi hufupishwa, fidia huahirishwa, na stesheni za njiani hukatwa ili treni iwahi ufunguzi.

Afrika Kusini ilifungua kipande cha kwanza cha treni ya Gautrain, kati ya uwanja wa ndege wa O.R. Tambo na Sandton, tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia. Kiufundi ni treni nzuri sana. Lakini angalia ilikounganisha: uwanja wa ndege na mtaa wa mabenki na mahoteli. Soweto haikuwa kwenye njia hiyo. Abiria walipopungua chini ya makadirio, serikali ya jimbo la Gauteng ndiyo iliyolazimika kuifidia kampuni kwa mujibu wa mkataba. Katika miaka iliyofuata treni za kawaida za wafanyakazi, zilizokuwa zikibeba umma kwa nauli ndogo, ziliharibika hadi njia kadhaa zikasimama kabisa. Hivyo mfanyakazi ambaye treni yake ilikufa alikuwa akichangia, kupitia kodi, treni asiyoipanda.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Afrika Kusini tu. Nigeria ilizindua reli ya jiji la Abuja Julai 2018, njia ya kilomita 45 hivi inayofika uwanja wa ndege, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mwaka 2020 ilisimama, na haikubeba abiria tena hadi Mei 2024. Riba ya mkopo haikusimama pamoja nayo. Kukata utepe ni kazi ya asubuhi moja, lakini kuendesha treni ni kazi ya kila siku, nayo inataka vipuri, umeme au mafuta, mafundi wenye mishahara, na abiria wa kutosha.

Hapa hatuna budi kukumbuka hoja iliyotolewa katika Arusha hii hii mwaka 1967. Azimio la Arusha lilionya kwamba mikopo ya nje hutumika zaidi mijini na viwandani, ilhali fedha ya kuilipa hutokana zaidi na jasho la mkulima. Onyo hilo halikusema tusijenge kitu mjini. Lilitaka tujue ni nani anayelipa, na kama anapata cho chote. Mkulima wa kahawa wa Meru atailipia reli ya KIA apende asipende. Swali ni kama treni itasimama karibu na kijiji chake au itampita kwa mbio huku akitazama madirisha.

KOSA LA TATU: KUDHARAU TULICHO NACHO

Kosa la tatu ni kuamini kwamba maendeleo ni lazima yaanze na kitu kipya kabisa. Dar es Salaam ilionyesha kinyume chake. Oktoba 2012, Dkt. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, treni za jiji zilianza kwa kutumia reli zilizokuwapo: moja kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na nyingine katika njia ya TAZARA kuelekea Mwakanga. Mwaka 2016 ikaongezwa ya Pugu, ambayo inapita Karakata, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Mabehewa hayakuwa mapya, na treni zilikwenda asubuhi na jioni tu. Lakini zilijaa, na wananchi wakazipa jina la waziri, jambo ambalo halifanywi kwa mradi usiowagusa.

Arusha ina reli ya upana wa mita moja inayoishia karibu na viwanda vya Unga Limited. Ni kongwe, ni ya njia moja, na treni haiwezi kukimbia sana juu yake. Wapo wanaosema kwa sababu hizo haifai. Tuwajibu kwa hesabu rahisi. Tuseme safari ya kilomita 50 inachukua saa moja. Kama hakuna po pote pa kupishana, treni inaweza kuondoka kila baada ya saa mbili tu, maana lazima isubiri inayorudi. Ukijenga njia moja ya kupishana katikati, treni inaondoka kila saa kutoka pande zote mbili. Ukijenga tatu, zikiwa zimegawa njia sawasawa, inaondoka kila nusu saa. Kwa hiyo kipimo cha reli hii kwa mfanyakazi si mbio za treni. Ni idadi ya mahali pa kupishana, ubora wa ishara, na usalama wa makutano ya reli na barabara. Kazi hizo zinaweza kufanywa na mafundi wetu, kwa hatua, bila kusubiri mfadhili.

Kwa upande wa KIA, reli hiyo ya zamani haiingii uwanjani. Tawi litahitajika. Lakini tawi ni kipande kifupi cha mwisho, na linaweza kujengwa wakati treni tayari inabeba watu katika sehemu nyingine ya njia.

TULITAZAME SUALA HILI KUTOKA MOSHONO

Nadharia isiyojaribiwa katika mahali halisi ni maneno matupu. Tuchukue kata ya Moshono, mashariki ya jiji, chini ya Mlima Meru. Miaka michache iliyopita sehemu kubwa ya kata hii ilikuwa migomba, mahindi na kahawa. Leo ni nyumba za wafanyakazi, za wapangaji, na za wenyeji waliouza sehemu ya kihamba ili kusomesha watoto. Asubuhi umma huu unashuka mjini kupitia Kijenge katika daladala ndogo ambazo Arusha huitwa vifodi, au kwa bodaboda kwa mwenye haraka na fedha. Jioni unapanda tena. Anayefanya kazi Usa River au KIA hulazimika kupanda gari zaidi ya moja, na kila gari lina nauli yake.

Moshono imekwisha kuchangia usafiri wa kaskazini kwa namna ambayo majedwali hayaionyeshi. Aprili 2013 ukuta wa machimbo ya moramu ya Moshono uliporomoka na kuwafukia watu waliokuwa wakichimba na kupakia malori. Zaidi ya kumi walikufa. Walikuwa vibarua waliolipwa kwa kadiri walivyopakia. Moramu ya namna hiyo ndiyo inayokaa chini ya lami na chini ya sakafu za nyumba za mji unaokua. Mwaka huo huo na iliyofuata barabara za kaskazini ziliendelea kupanuliwa, ikiwamo njia nne ya Sakina hadi Tengeru ya kilomita 14.1. Ni haki kuuliza: ujenzi mkubwa mwingine ukija, Moshono itatoa tena udongo na vibarua tu, au itapata pia stesheni ya karibu na nauli inayolipika?

Swali hilo lina jibu la kiufundi. Stesheni haikamiliki kwa jukwaa na paa. Inataka barabara ya kuifikia, mahali pa vifodi kugeuzia, njia ya waenda kwa miguu yenye taa, na tiketi moja inayokubalika kwenye gari na kwenye treni. Bila hayo, mkazi wa Moshono atalipa kufika stesheni, atalipa treni, kisha ataona ni afadhali abaki na kifodi chake. Treni itakwenda tupu, na wataalamu wataandika kwamba wananchi hawana utamaduni wa kupanda treni.

HOJA YA WANAOKATAA KABISA

Wapo wenzetu watakaosoma hayo na kuhitimisha kwamba reli ya uwanja wa ndege ni anasa ya mabwanyenye, na kwamba tuachane nayo. Msimamo huo unasikika kuwa mkali, lakini ni dhaifu. Watalii huleta fedha za kigeni, na fedha hizo hununua dawa na mafuta. Uwanja wa ndege ni mahali pa kazi pa maelfu ya watu wasiopanda ndege. Tena uwanja unahusu mkulima moja kwa moja. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maua na mboga za kaskazini imekuwa ikisafirishwa kwa malori hadi uwanja wa Nairobi, wakati KIA uko jirani. Njia ya reli yenye treni ya mizigo usiku na ghala la baridi mwishoni mwake ni moja ya mambo yanayoweza kusaidia kuugeuza mwelekeo huo, ingawa bila ndege za mizigo haitoshi.

Kwa hiyo kosa haliko katika kuifikisha reli KIA. Kosa liko katika kuanzia KIA. Reli ya umma inayoishia uwanjani itambeba mtalii bila shida yo yote, naye ataipenda. Reli ya mtalii inayopita katikati ya umma haitambeba umma, kwa maana nauli yake, stesheni zake na ratiba yake vimekwisha kumkataa mwananchi kabla hajafika dirisha la tiketi.

NINI KIFANYIKE

Kutokana na uchambuzi huu, mpangilio wa kazi unajitokeza wenyewe. Hatua ya kwanza ni treni ya wafanyakazi asubuhi na jioni kwenye reli iliyopo, kati ya Arusha na Usa River, kwa mabehewa yaliyokarabatiwa nchini, nauli ikipangwa kwa kulinganisha na ya kifodi. Hatua ya pili ni njia za kupishana, ishara, na vizuizi kwenye makutano. Hatua ya tatu ni tawi la KIA, pamoja na mpango wa mizigo. Na reli mpya ya Tanga hadi Musoma itakapojengwa, michoro yake ilinde stesheni hizo za umma, isije ikaziruka kwa kisingizio cha mwendo kasi.

Kuhusu ardhi, hifadhi ya reli iwekwe alama mapema na kwa uwazi, ili mtu asijenge leo nyumba itakayobomolewa kesho. Vijiji vya Hai na Arumeru vinavyouzunguka KIA vimekwisha kuishi miaka mingi katika mgogoro wa mipaka na uwanja huo. Tusiwaongezee mgogoro wa pili. Anayestahili fidia alipwe kabla ya tingatinga kuwasha moto.

Kuhusu uamuzi, makadirio ya abiria yasomwe hadharani katika mikutano ya kata, kwa Kiswahili, na yawe na majibu ya maswali manne: treni itabeba nani, itasimama wapi, nauli ni shilingi ngapi, na nani atalipa pengo likitokea. Mtaalamu asiyeweza kuyajibu hayo mbele ya wakazi wa Moshono hajamaliza kazi yake, hata kama ripoti yake ina kurasa elfu. Na kiongozi anayeipitisha ripoti hiyo bila kuyauliza hana sababu ya kumlaumu mkandarasi baadaye.

Mechi zitachezwa na kwisha ndani ya wiki chache. Watu wa Moshono, Tengeru na Usa River wataamka asubuhi inayofuata, na asubuhi zote baada yake, wakitafuta usafiri wa kwenda kazini. Mpango wa reli upimwe kwa asubuhi hizo.